Mti Mkavu Uliosimama: Kasuku Mdogo wa Usukuma na Makazi Yake

Mhadhara kwa wenyeviti wa vijiji, walimu, wafugaji na wakulima, Bariadi



Nimeombwa nizungumze juu ya ndege. Najua watu wa mkoa huu wakikutana, mazungumzo huwa ya pamba, maji na malisho, na ndege hutajwa tu pale kwelea kwelea wanapovamia mtama. Lakini ndege ninayemleta mbele yenu leo anagusa malisho yenu na kuni zenu moja kwa moja, na uhai wake uko mikononi mwa serikali ya kijiji kuliko ulivyo mikononi mwa wizara yoyote. Ndiyo maana nimeomba kwanza wenyeviti waje, na maofisa wafuate.

Ni kasuku. Si yule mkubwa wa kijivu wa misitu ya Kongo anayefundishwa kusema. Huyu ni mdogo, urefu wake sentimita 14 hivi. Mgongo kijani, uso na koo rangi ya chungwa inayokolea kuelekea wekundu, mdomo mwekundu kabisa, na kila jicho limezungukwa na pete nyeupe. Wengi wenu mmemwona akipita juu ya migunga kwa makundi, kwa kasi na kwa kelele, hasa asubuhi na jioni anapokwenda kunywa maji. Vitabuni anaitwa kasuku wa Fischer, kwa jina la daktari Mjerumani Gustav Fischer aliyesafiri nchi hizi miaka ya 1880. Fischer alifariki mwaka 1886, na mwaka uliofuata Anton Reichenow akamwandika ndege huyu kitaalamu kwa jina hilo.

Jina ni la kigeni, ndege ni wetu. Kwao ni kusini na kusini mashariki mwa Ziwa Victoria: Serengeti, Maswa, Meatu, Shinyanga na nchi zinazopakana nazo. Ukiacha wachache walioonekana Rwanda na Burundi, hakuna nchi nyingine duniani ambayo kasuku huyu ni mwenyeji wake wa asili. Kenya wapo, tena wengi, pale Naivasha, lakini hao ni kizazi cha ndege waliotoroka au kuachiwa kutoka matunduni, na wamezaliana na kasuku mwingine wa Tanzania, yule mwenye shingo ya njano wa kwetu Dodoma na Singida, hata wengi wao leo ni chotara. Ulaya na Marekani wapo pia, ndani ya nyumba, wakizalishwa kwa rangi za bluu na njano ambazo porini huzikuti. Kwa hiyo mtu akiwaambia kwamba kasuku hawa wamejaa duniani, mwulizeni ni wapi wanaishi kama walivyoumbwa kuishi. Atalazimika kuutaja mkoa huu.

Shirika la kimataifa la uhifadhi, IUCN, limemweka katika daraja la viumbe walio karibu na hatari ya kutoweka. Yaani hajaingia hatarini kabisa, lakini hayuko mbali. Nchi yetu ina ndege walio katika hali mbaya zaidi. Kule Amani, katika msitu wa Usambara Mashariki, yuko ndege mdogo mwenye mdomo mrefu aliyepewa jina la Reginald Moreau, mtumishi wa kituo cha utafiti cha Amani. Baada ya kuelezwa mwanzoni mwa miaka ya 1930 alipotea machoni pa wataalamu kwa miaka mingi, na hadi leo anaishi kwenye vipande vichache tu vya msitu. Ningeweza kuja kuwasimulia habari zake, mkasikitika, mkaenda nyumbani, kwa kuwa msitu wa Amani hauko chini ya mkutano mkuu wa kijiji chochote cha Simiyu. Nimemchagua kasuku wetu kwa sababu bado wapo wa kutosha kuokolewa kwa gharama ndogo, na gharama hiyo iko ndani ya uwezo wenu.

Tuanze na namna alivyopungua.

Katika miaka ya 1980 Tanzania ilikuwa miongoni mwa nchi zilizouza nje ndege hai kwa wingi zaidi barani Afrika. Kasuku hawa walinaswa kwa nyavu kwenye maji na mashambani, wakajazwa kwenye matenga, wakasafirishwa kwenda mjini, kisha ng'ambo. Mwaka 1987 kasuku wa Fischer alikuwa ndege wa porini aliyeongoza kwa biashara duniani kote. Fikirini jambo hilo. Ndege ambaye kwao ni eneo dogo la nchi moja, akawa bidhaa nambari moja ya soko la dunia nzima. Na wale wanaohesabiwa kwenye karatasi za forodha ni wale tu waliofika hai bandarini na uwanja wa ndege. Waliokufa ndani ya tenga kati ya kijiji na mji hakuna aliyewaandika.

Mwanzoni mwa miaka ya 1990 wataalamu walifanya hesabu porini. Walikadiria kwamba wamebaki kati ya 290,000 na milioni moja. Pengo hilo ni kubwa, na linaonyesha jinsi ilivyo vigumu kumhesabu ndege anayehama akifuata mbegu na maji. Lakini jambo moja lilikuwa wazi: ndani ya hifadhi walikuwa wengi zaidi kuliko nje yake. Serikali ikasimamisha usafirishaji wake. Marekani ikapitisha sheria ya kuzuia uingizaji wa ndege wa porini mwaka 1992, na Umoja wa Ulaya ukafunga mlango kwa muda mwaka 2005 kwa sababu ya mafua ya ndege, kisha moja kwa moja mwaka 2007. Mwaka 2016 serikali yetu ilipiga marufuku usafirishaji wa wanyamapori hai kwa ujumla, na mwaka 2022, ulipojitokeza mpango wa kuufungua tena, ulizuiwa ndani ya muda mfupi. Nasema kwa moyo wote: milango hiyo ibaki imefungwa. Sheria ya Kuhifadhi Wanyamapori ya mwaka 2009 inawalinda, na mtu akionekana na tenga la kasuku kituo cha mabasi, mwenyekiti ana haki na wajibu wa kumzuia.

Sasa, ikiwa biashara imezuiwa, kwa nini niwatoe mashambani kwenu kuja kunisikiliza? Kwa sababu ndege hahitaji tu kuachwa bila kunaswa. Anahitaji mahali pa kutagia.

Kasuku huyu hajengi kiota kwenye tawi kama kwera. Anataga ndani ya tundu, na tundu lenyewe mara nyingi liko kwenye tawi kavu au mti uliokufa, kuanzia mita mbili hivi kutoka ardhini hadi mita kumi na tano. Mdomo wake ni wa kubangua mbegu, hauna nguvu ya kuchimba mti mgumu. Hutegemea tundu lililotobolewa na kigong'ota, au lililoozeshwa na mvua pale tawi lilipovunjika. Mara nyingine huingia kwenye viota vikuukuu vya kwera mkubwa mwenye mkia wa rangi ya kutu, ambaye naye karibu wote wako kaskazini mwa Tanzania. Lakini tundu ndilo makao yake hasa.

Nimemtazama jike akitengeneza nyumba, kwenye mgunga mkavu uliosimama kando ya korongo, huko Meatu. Anatua kwenye kichaka, anauma gome la kijiti, analichana taratibu kwa ukingo wa mdomo mpaka litoke kamba ndefu nyembamba. Anaibeba kamba hiyo mdomoni, inaning'inia pembeni, anaruka hadi kwenye tundu na kuingia nayo. Dume anakaa nje juu ya tawi akilinda. Baada ya muda jike anatoka, anarudi kichakani, anachana nyingine. Kazi hiyo huendelea mpaka ndani kuwe na kiota kilichoezekwa juu, chumba ndani ya chumba. Humo atataga mayai, mara nyingi matano au sita, atayaatamia kwa siku 23 hivi, na makinda yatakaa humo zaidi ya mwezi mmoja kabla ya kuruka. Kwa muda wote huo familia nzima ya ndege inategemea gogo moja lililokufa ambalo mimi na wewe tukilipita tunaona mzigo wa kuni.

Hapo ndipo penye mhadhara wangu wote. Katika vijiji vyetu vingi sheria ndogo zinakataza kukata mti mbichi na kuruhusu kuni kavu. Ni sheria njema, iliyowekwa kwa nia njema, na imeokoa miti mingi. Lakini kwa kasuku, na kwa kila kiumbe anayeishi tunduni, mti unaoruhusiwa ndio mti anaouhitaji kuliko yote. Tunaweza kuwa na ngitili, yaani malisho yetu ya kufungwa, iliyojaa migunga michanga ya kijani, ya kupendeza macho, na isiwe na tundu hata moja. Mgunga mchanga hauna tundu. Huchukua miaka mingi kukua, kuzeeka, kuvunjika tawi, kuoza moyo. Tukiuondoa kila mara unapofika umri huo, ndege ataishi kama mpangaji asiyepata chumba: atakula kwetu, atakunywa kwetu, asizae kwetu.

Historia ya miti katika nchi hii ni ndefu, na sehemu yake moja inastahili kusimuliwa, kwa sababu wajukuu hawaijui.

Mwaka 1919 Waingereza walimweka Charles Swynnerton kuwa msimamizi wa kwanza wa wanyamapori wa Tanganyika. Alikuwa mtu aliyependa ndege kupita kiasi. Kabla ya kuja huku aliishi kando ya msitu wa Chirinda, Zimbabwe ya leo, na huko alikusanya ndege mmoja mdogo wa chini ya msitu ambaye sasa ana jina lake. Ndege huyo yuko pia kwetu, Udzungwa na Usambara Mashariki, na leo naye yumo katika orodha ya walio hatarini. Basi mtu huyu huyu alipofika Shinyanga alipewa kazi ya kupambana na mbung'o waliokuwa wakiua mifugo kwa nagana na kuwasukuma watu kutoka kwenye ardhi yao. Njia zilizokuwepo zilikuwa kuchoma nyasi mwishoni mwa kiangazi, moto uwe mkali uchome na vichaka, na kufyeka. Babu zetu waliitwa na watemi wao kwa maelfu wakafyeka pori. Swynnerton aliongoza utafiti wa mbung'o kuanzia mwaka 1929 mpaka alipokufa katika ajali ya ndege mwaka 1938, pamoja na mtaalamu wa mimea Bernard Burtt.

Simlaumu. Ng'ombe waliokuwa wakifa walikuwa ng'ombe wa babu zetu, na ufyekaji ule uliwarudishia malisho. Ninachotaka mkione ni kwamba hata mtu aliyejua ndege kuliko wengi wa zama zake, alipowekwa mbele ya tatizo la mifugo, alifyeka. Kwa hiyo tusiwategemee watu wanaopenda ndege peke yao. Utaratibu unaosimama ni ule unaomfaa mfugaji na ndege kwa pamoja.

Na utaratibu huo Wasukuma walikuwa nao. Ngitili ni mali yenu, sina haja ya kuwafundisha: kipande kinachofungwa masika, nyasi zikakua, miti ikapumua, kikafunguliwa kiangazi kwa ajili ya ndama na ng'ombe dhaifu. Ufyekaji, upanuzi wa mashamba ya pamba, ongezeko la mifugo, kisha kuhamishiwa vijijini miaka ya 1970, watu wakaachana na maeneo waliyoyatunza kwa vizazi: vyote hivyo viliziua ngitili nyingi. Mwalimu Nyerere alipoitembelea Shinyanga mwaka 1984 alikuta mkoa unaelekea kuwa jangwa. Mwaka 1986 ukaanza mradi wa Hifadhi Ardhi Shinyanga, HASHI, na kumbukeni kwamba Bariadi, Maswa na Meatu zilikuwa ndani ya Shinyanga hiyo. Mkoa wa Simiyu ulizaliwa mwaka 2012.

HASHI walianza kama wengi wanavyoanza, kwa vitalu vya miche. Kilicholeta mabadiliko ni pale walipowasikiliza wazee na kurudi kwenye ngitili. Mradi ulipoanza, ngitili zilizojulikana zilikuwa kama hekta 600. Kufikia mwanzoni mwa miaka ya 2000 zilikuwa zimepita hekta 300,000, katika vijiji zaidi ya 800. Mwaka 2002 kazi hiyo ilipata tuzo ya kimataifa ya Ikweta. Utafiti ulioongozwa na Profesa Gerald Monela, uliotolewa mwaka 2005, ulikadiria faida ya ngitili kuwa dola 14 kwa mtu kwa mwezi, kiasi kilichozidi wastani wa matumizi ya mwezi ya mtu wa kijijini wakati ule. Na watafiti walihesabu ndani yake aina 145 za ndege. Hakuna aliyepanda ndege hao. Walirudi wenyewe mlipofunga malisho.

Dagashida, mkutano wetu wa jadi, ndiyo iliyofanya kazi hiyo. Wazee walikaa, wakapanga mipaka, wakapanga faini, na faini ikalipwa hata na mwenye ng'ombe mia. Mimi nimesoma sheria nyingi za uhifadhi zilizopigwa chapa vizuri ambazo hazijawahi kutozwa hata shilingi moja. Faini ya dagashida hulipwa kwa sababu aliyeipanga unakutana naye kisimani.

Basi ninachoomba ni nyongeza ndogo katika jambo ambalo mnalifanya tayari.

Najua mtakachonijibu, na mama mmoja wa Itilima aliniambia kwa sauti kubwa kabla hata sijamaliza: kuni nitoe wapi? Ana haki. Anatembea mbali, anabeba kichwani, na watoto wanasubiri. Sitasimama hapa nimwambie asiokote kuni. Namwomba aokote zilizoanguka. Tawi lililolala chini halina faida kwa kasuku, achukue lote. Ule uliosimama wima wenye tundu ndio ninaouombea. Na kwa kweli anayeumaliza ule si mama mwenye kamba na kitambaa cha kichwani. Ni mwenye shoka na mkokoteni anayepeleka kuni kwenye tanuri la matofali, na mrina asali anayewasha moto ndani ya tundu ili awafukuze nyuki, akapata kopo la asali na kuacha gogo likiungua mpaka asubuhi. Hao ndio tuzungumze nao. Mrina asali hasa, kwa sababu naye anategemea tundu lile lile. Akipewa mizinga, atapata zaidi na mti utabaki.

Mkulima naye ana lake: kasuku anakula mtama na uwele, na mahindi pia. Ni kweli, anakula, na sitamfichia. Lakini tusimchanganye na kwelea kwelea. Kwelea huja kwa maelfu kwa maelfu na huweza kumaliza shamba. Kasuku huja kwa kundi dogo, na mtoto mwenye debe humfukuza. Kosa kubwa ni kutumia dawa ya kwelea bila kuangalia nani mwingine amelala kwenye migunga ile. Ndege inaponyunyizia fenthioni juu ya malalo, sumu haichagui. Hufa kwelea, na hufa bundi na mwewe waliokuja kumla. Ofisa kilimo anapoita ndege ya kunyunyizia, aulize kwanza kuna nani hapo.

Wala si kasuku peke yake anayenufaika na mti mkavu. Hondohondo hutaga humo, bundi wadogo wanaokula panya wa ghala hutaga humo. Na mumbi, yule ndege mkubwa mweusi mwenye ngozi nyekundu usoni na shingoni anayetembea chini kwenye nyasi, ambaye tayari yumo katika orodha ya walio hatarini, anahitaji tundu kubwa kabisa la mti mkubwa kabisa. Mumbi huzaa polepole mno. Mbuyu mmoja wenye pango ukianguka au ukichomwa, kundi zima la mumbi linaweza kukosa pa kutagia kwa miaka.

Mtasema Serengeti iko jirani, na Pori la Akiba Maswa liko ndani ya mkoa wetu, ndege wakae huko. Wanakaa. Lakini Maswa yenyewe mipaka yake imerudishwa nyuma zaidi ya mara moja tangu ilipotangazwa mwaka 1962, na kasuku hufuata maji na mbegu bila kujua mpaka uko wapi. Watu wa Makao kule Meatu, wenye jumuiya yao ya hifadhi ya wanyamapori, wanalijua hili vizuri: wanyama wa hifadhi wanaishi pia kwenye ardhi ya kijiji. Ngitili zenu ndizo vituo vya kati.

Sheria inawaruhusu. Sheria ya Misitu ya mwaka 2002 inatambua misitu ya hifadhi ya kijiji, na sheria za serikali za mitaa zinaipa halmashauri ya kijiji uwezo wa kupendekeza sheria ndogo, mkutano mkuu ukaijadili, kisha halmashauri ya wilaya ikaithibitisha. Nimeandaa kifungu kimoja, kifupi, ili kisiogopwe: mti mkavu uliosimama wenye tundu hautakatwa, hautachomwa wala kubanduliwa ndani ya ngitili ya kijiji bila idhini ya kamati ya mazingira, na kila ngitili itakuwa na miti ya namna hiyo iliyotiwa alama ya chokaa na kuandikwa kwenye daftari la kijiji. Kiasi cha faini nimekiacha wazi. Hicho ni chenu kukipanga.

Alama ya chokaa ni muhimu kuliko mnavyodhani. Mti usio na alama kila mtu huona ni wa kwake; uliotiwa alama kila mtu anajua ni wa kijiji. Walimu, kazi ya kuihesabu naileta kwenu: wanafunzi wa darasa la sita wanaweza kuzunguka ngitili ya karibu na shule, wakaandika tundu liko upande gani, nani anaingia na nani anatoka. Daftari hilo litakuwa na thamani kwa mtafiti yeyote atakayekuja, na mtoto atajifunza hesabu na sayansi bila kununuliwa kitabu.

Nakala za kifungu ziko mezani kwa mwalimu mkuu, kwa Kiswahili, na zipo za Kisukuma kwa ajili ya kusomwa kwenye dagashida. Miti itiwe alama kabla nyasi hazijakauka na moto kuanza, maana mti mkavu ndio wa kwanza kushika moto, na kinga ya kufyeka nyasi kuuzunguka ni kazi ya asubuhi moja kwa watu wawili. Mama wa Itilima namwona ameinua mkono. Tuanze na swali lake.